Steringi Hafi?



Sheria ya kibanda umiza kila mtu anaijua: steringi hafi. Adui atamimina risasi kama mvua ya masika, gari litalipuka, ghorofa litaporomoka, lakini steringi atatoka kwenye moshi akiwa na mkwaruzo mmoja shavuni. Ukiona mtu amekufa dakika ya ishirini ya filamu, basi huyo hakuwa steringi, mlikosea kumtambua. Mimi sheria hii niliijua nikiwa na miaka minane, nimekaa chini kwenye mkeka, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta na sauti ya mtafsiri inawafunika waigizaji wote. Katekisimu nilikuja kuijua baadaye kidogo.

Likizo hii nimekuwa nyumbani Ngumbo, huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Jumapili moja baada ya ibada vijana wa kigango wakaniomba niwape mada kuhusu ujasiri wa Kikristo. Nikajiandaa kweli. Nilikuwa na kurasa sita, nimeandika kwa kalamu nyekundu na ya bluu, Aristotle yumo, Mtakatifu Thomas wa Akwino yumo. Tukakaa chini ya mwembe. Sijamaliza hata ukurasa wa kwanza, kijana mmoja wa miaka kumi na saba hivi akanyoosha mkono: "Frateri, samahani. Kati ya Liyongo na Achilles, nani mkali?"

Mada yangu ikafia hapo.

Liyongo wanamjua kutoka shuleni. Achilles wanamjua kwa ile filamu ya Troy ya mwaka 2004, ambayo kibandani imeshatafsiriwa na kurudiwa mpaka watoto wanaweza kuisimulia bila umeme. Mmoja akasema Achilles hana lolote, amekufa kizembe, mshale wa kisigino tu! Mwingine akasema afadhali yeye, Liyongo aliuawa na mwanawe kwa sindano. Wa tatu akamleta "yule mfupi wa pete", yaani Frodo wa The Lord of the Rings, wote wakacheka, kwamba yule naye ni steringi gani, anabebwa mgongoni. Yule kijana aliyeanzisha akahitimisha kwa sauti kubwa: "Wote hao siyo masteringi. Steringi hafi, na steringi halii."

Ndipo binti mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza: "Na Songea Mbano? Yeye Wajerumani walimnyonga. Naye hakuwa steringi?"

Pakawa kimya. Huku kwetu, hata kama hujafika Makumbusho ya Majimaji pale Songea mjini, unaijua tarehe 27 Februari 1906 na wale mashujaa walionyongwa. Huwezi kusimama mbele ya watu wa Ruvuma ukasema Songea Mbano hakuwa shujaa. Na huyo alikufa.

Basi nikakunja karatasi zangu. Niliyowaambia siku ile, pamoja na mengine niliyoyafikiri baadaye nikiwa kitandani, ndiyo haya ninayokuandikia.

Nianze na Achilles maana ndiye mkongwe. Kisigino usikihangaikie sana. Homer, anayesimulia vita vya Troya katika Iliad, hakuandika hata kifo cha Achilles. Habari ya kisigino ilikuja kuenea baadaye. Anachokisimulia Homer ni hasira. Achilles ananyang'anywa alichopewa kama heshima yake vitani, anasusa, anakaa hemani, wenzake wanakufa. Rafiki yake Patroclus anavaa silaha za Achilles, anaingia vitani badala yake, anauawa na Hector. Hapo Achilles anarudi vitani kama moto wa nyika, anamuua Hector, halafu anaufunga mwili kwenye gari la farasi na kuuburuza. Kibandani hapo ndipo watu wanapiga makofi.

Lakini utenzi hauishii kwenye makofi. Mwishoni kabisa mzee Priam, baba yake Hector, anakuja usiku hadi kwenye hema la adui kuomba mwili wa mwanawe. Anapiga magoti, anaibusu mikono iliyowaua watoto wake. Achilles anamwangalia yule mzee, anamkumbuka baba yake mwenyewe aliye mbali, na anaangua kilio. Wanalia wote wawili, kila mmoja na msiba wake. Kisha Achilles anachinja kondoo, wanakula pamoja, na anaurudisha mwili. Iliad inaisha kwa mazishi ya Hector. Fikiria: kitabu cha vita kinachojulikana kuliko vyote, na ukurasa wake mkubwa ni wanaume wawili wanaolia na kula chakula.

Kuna jambo jingine. Achilles aliambiwa achague: maisha mafupi yenye sifa, au maisha marefu yasiyo na jina. Akachagua sifa. Ila katika Odyssey, Homer huyohuyo anatuonyesha Odysseus akikutana na Achilles kuzimu, akimsifia kwamba hata huku wewe ni mfalme. Achilles anamjibu kwamba afadhali angekuwa kibarua wa kulima kwa mtu maskini, ili mradi yuko hai, kuliko kuwatawala wafu wote. Niliposoma hapo mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Steringi mwenyewe alikuwa anajuta.

Sasa Liyongo. Huyu ni wa kwetu, wa pwani ya kaskazini huko Pate na mto Tana, na utendi wake tulio nao uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Aliishi lini hasa, wataalamu bado wanabishana. Unakumbuka alivyofungwa gerezani? Mama yake akamtuma mjakazi, Saada, ampelekee mikate. Ile mizuri askari waliila wao. Ule wa wishwa, yaani makapi, wakauona haufai, wakampa mfungwa. Na ndani ya ule wa wishwa ndimo lilimokuwa tupa. Usiku watu wakipiga ngoma ya gungu nje, Liyongo anakata minyororo yake ndani ya kelele za ngoma, anatoka.

Niliwauliza vijana: hapo steringi ni nani? Bila mkate ule, Liyongo na nguvu zake zote angeuawa gerezani. Aliyeubeba mbele ya askari wenye silaha ni msichana mtumwa, mtu asiyehesabika katika mji ule. Tunalitaja jina la Liyongo kila siku. Saada ni mpaka uulizwe kwenye mtihani.

Lakini iliyonikamata mimi ni habari ya kifo chake. Mfalme wa Pate alimtumia mwanawe mwenyewe wa kumzaa, akamwahidi cheo na binti wa kuoa. Kijana akaijua siri, kwamba baba anauawa kwa sindano ya shaba ya kitovuni tu, akamchoma akiwa usingizini. Liyongo akaamka na jeraha lake, akachukua upinde na mishale, akatoka mpaka karibu na kisima cha mji. Hapo akapiga goti, akaweka mshale kwenye upinde, akauvuta. Akafa vilevile, amepiga goti, upinde umevutwa.

Watu wakamwona kwa mbali. Nani amsogelee? Wakajua yu hai na ana hasira. Siku ya kwanza hakuna aliyechota maji, ya pili vivyo hivyo, mji mzima unateseka kwa kiu kwa sababu ya maiti. Wakaenda kumwomba mama yake ambembeleze. Mama naye akasimama mbali, anambembeleza mwanawe kwa maneno matamu, hajui kwamba anaongea na mfu. Mpaka siku mwili ulipoanguka wenyewe ndipo wakatambua.

Kwa nini habari hii ilinikamata? Kwa sababu niliwahi kufa namna hiyo.

Baba yangu alifariki nikiwa mwaka wa pili wa falsafa. Hakuugua hata wiki tatu. Nilipewa ruhusa ya siku chache, nikafika nyumbani jioni ya kuamkia mazishi. Nikashuka kwenye boda, kilio kikanipokea, na mimi nikawa nafungua mdomo ili nilie. Baba mdogo akanishika bega akaniambia pembeni: "Frateri, wewe ukilia, sisi tutaegemea wapi?" Hakuwa na nia mbaya, yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu. Nikafunga mdomo. Nikaongoza rozari usiku ule. Kesho yake nikasoma somo la kwanza kwa sauti isiyotetemeka, na watu walilisifia hilo: mtoto wa marehemu amekomaa. Nikamwaga udongo wangu kaburini, nikarudi seminarini.

Huko nikaanza kukaa sana kanisani. Wenzangu wakitoka baada ya masifu ya jioni, mimi nabaki nimepiga magoti. Wakaanza kunitania, eti mtakatifu wa darasa. Nikaona ni vizuri waniite hivyo, maana mtu akishaonekana mtakatifu hakuna anayemuuliza hali yake. Ukweli ni kwamba sikuwa nasali. Nilikuwa nimepiga magoti tu, basi, kama gogo. Nilikuwa sisikii lolote, si huzuni, si faraja, hata Ekaristi naipokea kama mtu anayepokea risiti. Akinisogelea mtu kwa mzaha namjibu kwa ukali. Mmoja, rafiki yangu wa karibu kabisa, alinifuata mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia maneno ambayo mpaka leo naona aibu. Hakurudi tena. Nilikuwa na upinde wangu mkononi, umevutwa, na kwa mbali kila mtu alidhani yule frateri ana nguvu kweli.

Miezi minne hivyo.

Siku moja nikaitwa, una mgeni. Nikamkuta mama kwenye chumba cha wageni. Hajawahi kupanda basi peke yake zaidi ya Mbinga mjini, na safari ile ni ya siku mbili. Amekaa kwenye ncha ya kochi kana kwamba anaogopa kuliharibu, miguuni ana kikapu. Chumba chote kinanuka mbasa wa kukausha. Sikuwa nimemwambia lolote. Kwenye simu kila mara nilikuwa nasema "niko vizuri mama, tunamshukuru Mungu". Akaniangalia tu. Akasema, "Umekonda. Kaa ule."

Akafungua majani ya mgomba, ndani mna mkate wa unga wa mahindi na ndizi mbivu, ule tuliokuwa tunapikiwa tukiwa wadogo. Ulikuwa umekauka na kupasukapasuka kwa safari. Nikakata tonge, nikatia mdomoni. Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya usipa: "Baba yako hujamlilia bado."

Sitakusimulia yote. Nililia mpaka kamasi, mkate mdomoni, kwenye chumba cha wageni, na mlango ulikuwa wazi. Mama yeye hakunibembeleza kwa mbali. Alisogea, akakaa karibu, akanishika kichwa kama mtoto. Kisha akaniambia nimalize kula.

Wiki ile nilikwenda kwa mlezi wangu wa kiroho nikamweleza kila kitu, nikaungama. Nikamtafuta rafiki yangu nikamwomba msamaha. Sala haikurudi siku hiyohiyo, usidhani ni muujiza. Ilirudi polepole, na ilianza kama malalamiko.

Sasa nirudi kwa yule mfupi wa pete, mliyemcheka. Aliyemtunga, J.R.R. Tolkien, alikuwa Mkatoliki hasa. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1892, akawa yatima wa baba akiwa mdogo, na wa mama akiwa na miaka kumi na mbili. Akalelewa chini ya uangalizi wa padre. Alipigana vita vya Somme mwaka 1916, kwa hiyo vita alikuwa anaijua, siyo ya kibandani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1954 na 1955, na yeye mwenyewe alimwandikia rafiki yake Mjesuiti kwamba kwa msingi wake ni kitabu cha kidini, cha Kikatoliki. Wengine watakwambia hadithi zenye wachawi ni za shetani. Mimi nakwambia soma kwanza.

Humo ndani wapo masteringi wa kizamani, wenye panga na farasi. Lakini kazi yenyewe, ya kuipeleka pete mbaya ikateketezwe kwenye mlima wa moto, anapewa Frodo, mtu mfupi asiyejua vita. Njiani anaishiwa nguvu. Kinachowashikilia yeye na mwenzake Sam ni mkate, mkate mwembamba wa safari waliopewa, ambao Tolkien anasema ulitia nguvu zaidi kadiri ulivyoliwa peke yake, bila vyakula vingine. Mkatoliki akisoma hapo hahitaji kuelezwa. Mwisho Frodo hawezi tena kutembea, na Sam, mtunza bustani, anambeba mgongoni. Ndiyo, anabebwa. Hapo ndipo mlipocheka.

Halafu anafika, anasimama kwenye ukingo wa moto, na anashindwa. Anaivaa pete, anasema ni yake. Steringi anashindwa kwenye dakika ile ile aliyotumwa kwa ajili yake! Ulimwengu unaokolewa kwa sababu Gollum, kiumbe duni ambaye wangeweza kumuua mara nyingi wakamhurumia, anamrukia, anamng'ata kidole chenye pete na kuanguka nayo motoni. Huruma waliyoifanya zamani bila kuona faida yake ndiyo iliyowaokoa. Tolkien aliiweka siku hiyo kuwa tarehe 25 Machi. Fungua kalenda yako ya liturujia uone ni sherehe gani.

Kwa hiyo nikiulizwa tofauti ya hawa wa kale na huyu wa juzijuzi, sitasema wa kale ni wapagani wabaya na wa sasa ni mzuri. Homer alijua machozi. Kijumwa alijua mkate wa wishwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba nyimbo za kale zinajua shujaa anahitaji wengine, lakini zinaona ni kama kasoro yake, ni kitovu, ni kisigino, ni sehemu ya kuficha adui asiione. Kwa Tolkien pale alipo mdhaifu ndipo neema inapopitia. Na hilo hakulitunga yeye. Alilipata kanisani.

Maana sisi nasi tuna Steringi wetu, na alikufa. Tena usikimbilie Pasaka haraka, ngoja kwanza Ijumaa. Pale Gethsemane aliwaomba rafiki zake wakeshe naye, maana yake alitaka mtu karibu. Luka anasema malaika alikuja kumtia nguvu, naye alikubali kutiwa nguvu. Msalaba ulipomlemea, ulibebwa na Simoni wa Kirene, Mwafrika aliyekuwa anatoka zake shambani. Aliwahi kulia mbele ya watu kaburini kwa Lazaro na hakuna mwanafunzi aliyemwambia "Rabi, ukilia sisi tutaegemea wapi". Na pale msalabani, tofauti na mama yake Liyongo, Maria hakusimama mbali. Yohane anaandika kwamba alikuwa karibu na msalaba.

Halafu tazama kisima. Liyongo alikufa amevuta upinde, na maiti yake ikaufungia mji maji. Bwana wetu alikufa mikono imefunguliwa, hana silaha, hata askari mmoja hakuogopa kumsogelea. Akamchoma mkuki ubavuni, na Yohane, aliyekuwepo, anasema ikatoka damu na maji (Yn 19:34). Mababa wa Kanisa waliona hapo Ubatizo na Ekaristi. Mimi baada ya ile miezi minne naona pia jambo la kawaida kabisa: aliacha ajeruhiwe mahali watu wanapaona, na wote wenye kiu wakapata pa kunywa. Hata alipofufuka hakuja ameficha makovu. Alimwambia Tomaso aweke mkono.

Mtakatifu Thomas (zile kurasa zangu sita hazikupotea bure) anauliza tendo kuu la ujasiri ni lipi, kushambulia au kustahimili? Anajibu: kustahimili, kwa kuwa ni kugumu zaidi. Aristotle alipomtafuta mtu jasiri alimtazama askari vitani. Thomas anamtazama shahidi. Lakini kustahimili siyo kukauka. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Kizito, mtoto wa miaka kumi na minne, alipokuwa na hofu ya kifo, Karoli Lwanga alimpa mkono wake aushike. Tunamwita shahidi na mkono umeshikwa.

Sijui wewe unayesoma hapo umepiga goti kwenye kisima gani. Labda umefeli kidato cha nne na nyumbani umewaambia matokeo "yana shida ya mtandao". Labda ni msiba, au ni dhambi moja unayoizunguka kwa miaka, kila Jumapili unakaa mstari wa mbele na kwaya unaimba sauti ya tatu vizuri sana. Huenda wanaokuzunguka nao wana kiu, mdogo wako, mchumba wako, mama yako, wanakuogopa kukusogelea kwa sababu ya huo mshale. Shusha upinde, ndugu yangu. Nenda ukaungame wiki hii, siyo Kwaresima ijayo. Mtafute mtu mmoja umwambie. Na akija Saada wako na mkate usio na sura, usiukatae kwa sababu haujapambwa. Wewe nawe, kama unamwona mwenzako amepiga magoti muda mrefu mno na anamkoromea kila mtu, usihitimishe kwamba ni mtakatifu. Sogea. Mimi rafiki yangu alisogea mara tatu, na kama nisingemfukuza pengine mama asingehitaji kupanda basi.

Vijana walipotawanyika siku ile, yule aliyesema steringi halii alibaki anakunja mkeka. Aliukunja vibaya, akaufungua, akaukunja tena.

"Frateri, ulilia kweli?"

"Nililia."

"Mbele ya mama?"

"Mbele ya mama. Na mhudumu aliyekuwa anapita na sinia la chai aliniona."

Akacheka kidogo. Kisha akauliza kesho asubuhi nitakuwa wapi. Nikamwambia nitakuwa ufukweni namsaidia mama kuanika usipa. Akasema haya.

Alikuja saa moja, nyavu za wavuvi wa usiku bado zinachuruzika maji. Hakusalimia sana. Akashika upande mmoja wa chekeche, tukaanza kumwaga na kusambaza, milima ya Malawi inaonekana ng'ambo kwa mbali. Chanja ya kwanza tukaimaliza bila neno. Katikati ya ya pili akaanza kuongea huku anaangalia usipa, na mimi nikaangalia usipa. Aliyoniambia ni yake. Jua lilipokuwa kali mama akatuletea chai na mihogo ya kuchemsha, akatuwekea juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akamwambia yule kijana, "Kaa ule, baba."

Akakaa.